Kioo Kinasema Muhogo wa Mama ni wa Kampuni

Mpendwa mshauri, nisaidie kabla ya Jumatatu maana kichwa kimechoka, mimi ni kibarua kwenye shamba la kampuni ya mbegu, mbali na kwetu, kazi yangu kuchuma majani ya mihogo na kuyapeleka maabara, huko wanayasaga, wanatoa vinasaba na kuvimwaga juu ya kioo kidogo chenye nukta maelfu, na nukta zinazowaka ndizo zinazoonyesha mmea ni wa aina gani. Nilipotoka likizo nilibeba vijiti vya muhogo wa mama nikapanda nyuma ya vyumba vyetu vya vibarua hapa shambani, msimamizi akaona umestawi akachuma jani, kioo kikasema ni sawasawa na aina yao mpya, basi nimekuwa mwizi, wenzangu wakinipita wanasema, "Bosi wa mihogo, leo umetuibia nini?" Nikampigia mama simu, akacheka kwanza.

"Si wale vijana wa kampuni yenu waliokuja na gari kuomba mbegu? Niliwakatia fungu zima, bure."

Nilipomweleza msimamizi akaniuliza, "Mama yako ana risiti?"

Sasa wanataka Jumatatu nitie saini kwamba niliiba vijiti kwao nikavipeleka nyumbani, nikisaini nabaki kazini na shamba la mama linang'olewa, nikikataa natoka, mke wangu anasema, "Saini, baba watoto, muhogo utapandwa mwingine," nifanye nini?

Kibarua mchovu

Ndugu kibarua,

Pole. Lakini umeniudhi. Unapeleka majani maabara kila siku, na bado kioo kinakutetemesha? Kimesema mimea hiyo ni aina moja, basi. Nani alimpa nani, kioo hakijui. Neno "mwizi" limetoka mdomoni mwa msimamizi.

Usisaini. Mpigie mama leo, akusanye majirani waliokuwa wakipanda muhogo huo kabla gari halijafika, waseme mbele ya kiongozi wao wa kijiji. Asing'oe hata kijiti kimoja, na anayeomba mbegu apewe. Jumatatu ingia ofisini na mwakilishi wa wafanyakazi, uulize: vijiti vyenu vya kwanza mlivitoa wapi?

Sikudanganyi, huenda wakakufukuza hata hivyo. Anza kutafuta kibarua kingine, na mkeo mwambie ukweli huo. Ila jiulize kwa nini kampuni yenye mashine zote hizo inakubembeleza wewe. Inakosa kitu kimoja tu, saini yako.

Wanyime.