Kivu haina mamba

Mama mupenzi,

Uamuke salama huko Uvira. Siye tuko hapa Bukavu, Nguba, kwa shangazi. Usingizi ni kidogo, lakini Mungu ametuona.

Walishamutosha Furaha ile platri ya muguu yenye ilivunjika. Munganga akasema atembee mu maji ili muguu ipate nguvu, sababu mu nyumba alikuwa anakataa hata kusimama. Shangazi akatupeleka ku ziwa. Mutoto alipogusisha tu kidole mu maji, nikamuvuta na kupiga kelele: "Mamba!"

Wamama wenye walikuwa wanafua nguo wakacheka mupaka sabuni ikawaponyoka. Moja akaniambia: "Maman wa Uvira, Kivu haina mamba! Ziwa yetu iko juu. Maji inashuka kwenu na muto Ruzizi, inaanguka mu mawe. Mamba yenu itapandia wapi? Acha mutoto!"

Nikamuacha, lakini nguo yake, ile robe, niliishika nyuma, sababu hapa ukivuka mawe tu, chini ya ziwa inapotea. Akalia baridi, akainua muguu, akaanza kwenda. Nikaachilia robe. Akafika mupaka kwa yule mama. Peke yake, Mama! Nikakaa ku jiwe nikalia, wakanicheka tena.

Asante Mungu, asante na wewe juu ya sala zako. Lakini ku ziwa Tanganyika hataingia, hata alie namna gani: huko mamba iko. Na siku tutafika, usitume mutu wa kumubeba. Anasema atashuka mu gari mwenyewe, akuje kukukumbatia.

Mutoto wako,
Maman Furaha