Ulichosema Siku ya Lori

Mama Gidamosh, shikamoo.

Naandika nikiwa katika chumba cha darasa la tano, watoto nimewaruhusu mapema. Dirishani namwona mwanao Gidamosh na wanaume wanne wanachimba kaburi lako nyuma ya goli la mpira. Wamefika magotini. Najua hukusoma, lakini nisipoandika kwanza, nikifika pale mdomo utakufa ganzi. Najijua.

Unakumbuka nilivyokuja Gendabi? Binti wa Newala, mtoto wa mikorosho, naogopa hata ndama! Nimetumwa kufundisha Kiingereza na najiona mjuzi. Watoto wanaimba sentensi zangu mpaka mchana, wakitoka nje hakuna anayeweza kuomba maji kwa Kiingereza. Nikawachapa, nikidhani ni wazito wa kichwa.

Kisha nikaja bomani kwako kutafuta maziwa. Nilisema Kiswahili, ukanitazama tu. Nikaonyesha kibuyu kwa kidole, ukakificha nyuma yako. Siku tatu nimerudi mikono mitupu, nimenuna kweli kweli. Siku ya nne ukanishika mkono, ukanichuchumaza kando ya ng'ombe, ukanitajia kwa lugha yako kila tulichogusa: chuchu, povu, kamba, kibuyu chenyewe. Nikisema nusu ya sentensi, kibuyu kinarudi kwako. "Usipunguze," ulikuwa unaniambia kwa Kibarabaig. Mwaka ulipoisha nilikuwa nabishana na wewe, na ulikuwa unanicheka mpaka unajifuta machozi.

Nikaiga. Niliweka ndoo ya maji mezani darasani, anayetaka kunywa aombe kwa Kiingereza. Mwalimu mkuu akasema nimechanganyikiwa. Jamani, watoto wakaomba! Wakagombea kata ya kunywea kwa Kiingereza. Nilikimbia kuja kukuhadithia siku ile ile.

Halafu lori. Ilikuwa wakati ule wa operesheni ya kuhamia kijijini, na mgambo walikuwa wameshachoma nyumba ya jirani yako. Mkubwa wao akaniita nitafsiri, maana nani mwingine alijua lugha zote mbili? Ukasimama mlangoni ukasema huondoki. Mume wako amelala pale, ukasema, na anayetaka umwache aifukue mifupa aibebe yeye mwenyewe mgongoni. Kisha ukanigeukia: "Usipunguze."

Mgambo mmoja alikuwa ameshika kiberiti. Mkweo, mke wa Gidamosh, alikuwa ndani, mjamzito.

Nikasema, "Amekubali."

Mwenyekiti waliyekuja naye akaandika kwenye daftari, wakaanza kupakia vyombo vyako. Uliwaona wanacheka, ukaniuliza nimewaambia nini. Nilichukua kibuyu chako, nikakipeleka lorini.

Tangu siku hiyo nikikuamkia ulikuwa unaitikia, "Marahaba, mwalimu." Kwa Kiswahili! Kiswahili safi cha mnadani, kumbe ulikuwa nacho siku zote, hata pale uliponiuliza. Nyumba yako hapa kijijini ilikuwa ya tatu kutoka kwangu, na miaka yote hiyo hukunipa tena neno moja la Kibarabaig. Afadhali ungenitukana, mama. Nilikuwa nikifunga mlango nalia, kisha nakukasirikia, maana nilikuwa nimekuokoa, sikuwa nimekuokoa? Mjukuu wako si yuko hai?

Lakini Gidamosh siku ya lori alikuwa bondeni na ng'ombe. Aliporudi aliambiwa mama yake amekubali, na daftari likasema hivyo hivyo. Hukumwambia ukweli. Nadhani ulijua angenijia na mkuki, ukachagua kubeba lawama mwenyewe. Na mimi mwoga nikakuacha uibebe.

Leo asubuhi nilimwuliza kwa nini hawakupeleki kule boma la zamani. Alinijibu bila kunitazama: "Aliyemwacha baba kwa mdomo wake mwenyewe, alale alikochagua."

Nilirudi darasani, nikaandika tarehe ubaoni, nikashindwa kuendelea.

Naogopa, mama, nisikufiche. Mwenyekiti aliyeandika lile daftari amesimama kando ya shimo, na kazi yangu inaweza kuishia hapo hapo. Mkuki wa Gidamosh umeegemea goli. Na Kibarabaig changu kimepata kutu, sijui kama ulimi utanisikia.

Wamefika kiunoni. Natoka sasa.

Nitamwambia mwanao yale ya mlangoni kwa lugha yako, jinsi ulivyoyasema: huondoki, mume wako amelala pale, mifupa waibebe wao. Kisha nitamwambia lile neno langu moja, la Kiswahili, nililokusingizia. Hasira zake nitazipokea, nimezichelewesha vya kutosha. Akiniamini, watafukia shimo hili tupu na utarudishwa kwa mzee wako. Asiponiamini nitarudia, na tena nitarudia, mpaka wanyanyue mwili wako wanikute nimesimama njiani.

Kwaheri, mama yangu. Sipunguzi.

Mwalimu wako wa Newala