Wanataka Mkopeshaji Aandike

Mama Zuhura,

Wanataka uniandikie barua. Usishangae, mimi nilicheka palepale mbele ya dawati lao mpaka mlinzi akageuka. Nimewaambia aliyenikopesha amelala makaburini nyuma ya msikiti tangu Rajabu, na binti wa benki akaniuliza kama kuna mtu mwingine ofisini kwako anayeweza kutia sahihi. Ofisini kwako. Basi nakuandikia mimi.

Kazi inaendelea. Zuhura amekataa kuuza cherehani zako, amesema fundi aliyefundishwa na mama yake ndiye atakayekaa pale, na kodi ya chumba tunagawana. Shule moja ya Masii imetuomba sweta za wanafunzi wote wapya. Wewe ulisubiri kazi kama hiyo miaka mingi. Lakini sweta zinataka mashine ya kufuma, na mwalimu mkuu amesema nisipokuwa nayo kabla shule hazijafungwa, kazi itapelekwa Nairobi. Akiba yangu ilifika nusu ya bei. Nusu ya pili ndiyo iliyonipeleka benki.

Binti yule ana kucha ndefu, anabonyeza kompyuta kwa ubavu wa kidole. Aliandika namba ya kitambulisho changu, akangoja, akanitazama kama mtu aliyemwingilia na matope. "Mama, huku huna historia," akasema. "Ni kama hujawahi kukopa."

Mimi. Niliyekopa kwako, kwenye hazina ya chama uliyoishika, karo ya mwanangu Mutua kila muhula, na mabati ya nyumba ya Kathiani, na nauli ya kumzika baba, nikalipa kila Jumapili ya chama kwa miaka tisa. Kumbe kuna ofisi inayoweka habari za mikopo ya kila mtu, ndiyo hiyo CRB tuliyoijua kwa kutishiwa tu, na benki huchungulia huko kabla haijakuamini. Niliomba ripoti yangu nione. Ina mstari mmoja. Shilingi mia tano za mkopo wa simu, nilizochukua siku gesi ilipoisha, nikachelewesha siku tisa. Hizo wamezitunza vizuri sana.

Nikauliza, sasa haya mengine yanaongezwaje? Hapo ndipo nilipoona watu wenye akili. Mwenye kukopa hawezi kuyapeleka mwenyewe, hata awe na ushahidi wa gunia zima. Anayepeleka ni mkopeshaji, tena awe amesajiliwa. Mwenye duka la kukopesha sofa, sawa. Akina mama kumi na wanane wanaokutana nyuma ya duka la nafaka, hapana. Binti akaniuliza mlikuwa mnatoza riba ngapi. Nikamwambia hakuna, wewe hukuiruhusu. "Basi huo si mkopo," akasema, "huo ni msaada." Miaka tisa nimelipa msaada, Mama. Mwishowe akanihurumia, kwa sauti ile ya kubembelezea watoto: nilete daftari la chama pamoja na barua ya mkopeshaji, meneja ataangalia.

Daftari nilipewa na Zuhura. Sikuwa nimefikiria, hata nilipolishika nikaona lilivyo jembamba. Unakumbuka ulivyokuwa ukifanya. Mtu akimaliza deni ulichana ukurasa wake mbele yetu sote, ukampa mkononi, akaenda kuwashia jiko. "Aliyelipa asibaki kwenye karatasi za watu," ulisema. Tulikupenda kwa hilo. Mama Kioko, katibu wetu, alikuwa akilia kila akipewa wake, na mimi nimechemshia watoto uji kwa kurasa nyingi tu. Sasa fikiria mwenyewe kilichobaki. Majalada mawili na kurasa nne za wasiomaliza. Wema wetu wote tuliuchoma asubuhi kwa chai.

Nilikukasirikia. Nilikaa kwenye kiti chako nikakusema kwa sauti, wateja wakisikia.

Nilimpelekea binti wa benki hivyo hivyo, kwa kiburi tu. Akafunua kwa ncha ya ukucha, akafika ukurasa wa mwisho. "Huyu si ndiye mkopeshaji wako? Mbona naye yuko na deni?"

Ulikuwa ukurasa wako. Sikujua. Ulikopa pesa za hospitali, ukajiandika kwa mkono wako mwenyewe kama ulivyotuandika sisi, ukalipa mara mbili, ukafa. Binti alicheka kidogo. "Sasa mkopeshaji mwenyewe ni defaulter, hakumaliza kulipa." Hakusema kwa ubaya, na hilo ndilo lililonichoma zaidi, kwamba alikuwa anafanya kazi yake tu. Nikachukua daftari, nikamwambia asante. Najidharau mpaka leo kwa asante hiyo.

Nikaenda moja kwa moja kwa Mama Kioko. Siku ya mazishi, kabla hujatolewa, kaka yako alisimama uani akauliza kama kuna anayemdai marehemu ajitokeze. Wanachama wote tukasema hatumdai. Nami nilisema, kwa kutojua. "Tulijua sisi wote isipokuwa wewe," Mama Kioko akaniambia. "Wewe ungeuza hata cherehani umlipie." Wanawake kumi na sita walisamehe pesa zao kwa pamoja, bila kikao wala kutazamana. Waulize CRB hilo linaandikwa kwenye mstari upi.

Mama Kioko alikuwa ameshanunua daftari jipya. Alitaka tuziandike upya kurasa zangu zote, yeye anajua kuiga mwandiko wako. Nilikataa, na usinisifu. Kumdanganya mtu ni kumjali, na wale wa benki siwajali kiasi hicho.

Jumapili iliyopita nilipeleka chamani pesa za mashine, nikalipa deni lako lote lililobaki. Walizozana nami sana. Nikawaambia wapokee au nijitoe. Kisha nikauchana ukurasa wako, nikampa Zuhura, maana ni wake. Aliukunja akauweka kifuani.

Sweta za Masii zimekwenda Nairobi. Inaniuma, sitakuficha, nimewaona wale watoto wa shule nikageuza uso. Mwezi ujao naanza kukopa kwenye sacco ya mjini, ile inayopeleka majina ya wanachama CRB kila mwezi. Nitakopa pesa nisizozihitaji na kuzirudisha kwa wakati, kwa sababu ndivyo wakubwa hawa wanavyomjua mwaminifu. Wanasema baada ya miaka miwili nitakuwa na historia. Nina miaka arobaini na sita.

Wamenichagua mimi niweke hazina mahali pako. Nakuahidi hakuna atakayelipa na jina lake likabaki limefungwa daftarini, tutaendelea kuchana, ila Zuhura ataupiga picha kila ukurasa kwanza. Na mashine nitainunua, iwe mwaka gani.

Pumzika sasa, Mama. Siku ile uani tuliposema hatukudai, wenzangu walikuwa wanadanganya. Leo ni kweli.

Fundi wako,
Mbithe