Marko Wako, Ndugu Musafiri

Ndugu yangu Musafiri,

Nina miaka themanini na miwili. Kiwanda cha Tyseley nilikochomelea vyuma kimebomolewa, mimi nipo. Wachungaji watatu wamekuja na kuondoka, mimi nipo. Daktari aliyenikataza kupanda ngazi amestaafu kwa kuumwa magoti, mimi ngazi napanda. Nimekupita hata wewe, uliyekuwa mdogo wangu kwa miaka minne, na hilo sikulipenda.

Barua hii naiandika kwa mkono wangu. Usicheke. Imenila Jumanne tatu, na mkeo, Mama Furaha, ananinyooshea herufi tu. Maneno ni yangu.

Unakumbuka tulivyoanza? Pale Hockley, hapa Birmingham, kwenye ule ukumbi wetu wa ibada juu ya karakana, mchungaji aliuliza akina nani wataenda kwenye milango ya watu wa lugha yetu, wawili wawili, kama mitume walivyotumwa. Wenzetu wote wakatazama viatu vyao. Mimi niliinua mkono kabla hajamaliza kuuliza. Wewe uliinua wa kwako polepole, ukaja kusimama ubavuni mwangu, ukaniita yaya. Nilitaka kukupiga. Kwetu Mwanza yaya ni mlezi wa watoto! Ukanieleza kwamba kwenu Bukavu ndivyo mnavyomwita kaka mkubwa. Basi nikakubali, maana mkubwa ni mimi kweli.

Kila Jumamosi tulikwenda Newtown. Mimi nabisha hodi na kuongea, wewe unasoma. Hakuna mtu Birmingham nzima anayebisha hodi kama mimi. Mlango ukifunguka, Kitabu nakishika mimi, na wakitaka nisome, unawahi wewe: "Yaya amesahau miwani." Kisha unasema maneno kwa kichwa, hujakosea hata moja. Miaka kumi na mmoja, kila Jumamosi, miwani yangu ilisahaulika nyumbani. Hukuniambia hata siku moja kwamba unajua sisomi. Nami sikukushukuru.

Ndani ya basi ulikuwa ukinisomea habari za mitume, kipande kimoja kila safari. Minyororo ilipomdondoka Petro gerezani, nilipiga kelele hadi dereva akageuka. Paulo alipopigwa mawe, akainuka, akarudi mji uleule, nikakuambia, "Huyo ni mimi."

"Na miye njo nani?"

"Wewe Barnaba. Mtu mpole."

"Asante, Paulo," ukasema, "lakini tumepita kituo chetu."

Halafu akaja Fadhili. Mtu mzima, mfanyakazi wa kuchambua taka kule Tyseley, akataka kutembea nasi. Jumamosi ya tatu tukapanda ghorofa ya tisa kwa Mkenya mmoja. Mlango ukafunguka, likatangulia jibwa jeusi kubwa kama ndama. Fadhili akatupa mfuko wa vijitabu, akashuka ghorofa tisa kwa miguu. Mimi sikusogea! Mbwa akaninusa viatu, akalala. Yule Mkenya akacheka, "Mzee, wewe ni mkali kuliko dog yangu."

Baada ya mwezi Fadhili alirudi ukumbini na chupa ya chai kuomba radhi. Alisema mbwa walimuuma utotoni. Nikamjibu mbele ya watu wote, "Paulo kapigwa mawe, wewe unakimbia mbwa aliyelala?"

Ukanivuta shati. "Yaya, tumuchukue."

"Paulo alimkataa Marko, kwa sababu aliwaacha njiani. Wewe mwenyewe ulinisomea."

"Lakini Barnaba alimuchukua."

Nasi tukatengana kama wale walivyotengana. Wewe na Fadhili mkachukua upande ule wa barabara, mimi nikabaki upande huu peke yangu. Nilikuambia naenda vizuri sana. Nilidanganya. Mlango wa kwanza, mama mmoja wa Mombasa aliniomba nimsomee. Nikasema nimesahau miwani. Akasema, "Shika yangu, babu." Nikaivaa, nikakohoa weee, nikaaga.

Ukawa unanipigia simu. "Yaya, kuya, iko kitu nataka kukusomea. Habari ya Marko haiishe pale." Nikakujibu kwamba habari za mitume nazijua zote, toka mwanzo hadi mwisho.

Kisha ukaugua. Nilipokuja hospitali ulikuwa huwezi tena kusema. Uliniwekea Kitabu mkononi, ukaweka kidole kwenye ukurasa. Nikautazama. Nikaitikia kwa kichwa: "Ndiyo, ndiyo, nimesoma." Ukafumba macho, ukatabasamu. Ndugu yangu, sikuona kitu pale ila wino. Nilikunja pembe ya ukurasa ule, na baada ya wiki moja tukakuzika.

Miezi mitatu niliiangalia pembe ile. Mwisho nikampelekea Mama Furaha anisomee. Akasema, "Papa, sikusomee. Utasoma wewe." Mwanamke yule ana kichwa kigumu, sijui ulimwezaje. Kila Jumanne mezani kwake, herufi moja moja, na mimi nilijifunza haraka kuliko mtu yeyote wa rika langu.

Ukurasa wako nilikaa nao mchana mzima. Kumbe Paulo amezeeka, yuko kifungoni, wenzake wamemwacha. Anaomba aletewe koti lake. Na anaomba aletewe Marko, Marko yuleyule, kwamba anamfaa kwa kazi. Nililia, lakini kidogo tu.

Nikaenda Tyseley, nikasimama kwenye geti la kiwanda chao cha taka mpaka Fadhili akatoka kazini. Akashtuka.

"Mzee! Nani kafa?"

"Hajafa mtu. Nilikukosea. Jumamosi saa nne, uje na chupa ya chai."

"Na mbwa?"

"Mbwa niachie mimi."

Tulianzia ghorofa ya tisa, kwa makusudi. Fadhili alitetemeka hadi vikombe vikagongana ndani ya mfuko, lakini alisimama. Jibwa sasa limezeeka, lina mvi mdomoni, halikuinuka hata kidogo. Yule Mkenya akasema, "Mzee, karibu, leo soma kitu." Kabla sijafungua mdomo, Fadhili akawahi, polepole, kama wewe kabisa:

"Mzee amesahau miwani."

Kumbe ulimfundisha. Tulikuwa tumetengana, nimekukasirikia, na bado ulimfundisha.

Nikatia mkono mfukoni. Nikamwambia Fadhili, "Leo ninayo." Nikafungua Kitabu kwenye pembe yako, nikasoma ule mstari wa Marko. Nilikwama mara mbili. Hakuna aliyecheka.

Lala, Musafiri. Upande wako wa barabara tunao sisi.

Usiponiamini, Mama Furaha anajua nilivyosoma, Fadhili alikuwa ubavuni mwangu, na yule Mkenya wa ghorofa ya tisa alisimama mlangoni mpaka nikamaliza.

Ni mimi,
Yaya wako