Picha ya Tumbo Langu, na Mkamwana Aliyefukuzwa

Jumanne. Jua kali, na mimi nahisi baridi.

Deo, mwanangu, wewe ni mpumbavu. Naandika hapa kwa kuwa koo limechoka kukugombeza. Utasoma mwenyewe.

Miezi yote hii natapika. Vijiko viwili vitatu vya uji, nimeshiba kama niliyetoka karamuni. Hata senene, wale panzi wa kukaanga, mimi huyu, nawasukuma pembeni. Zahanati wakasema vidonda vya tumbo. Deo akasema sumu. Na anayepika ni nani? Mkewe, Leokadia. Basi akamshtaki kwa balozi wa nyumba kumi, majirani wote wanasikia, akamrudisha kwao Ngenge na kanga alizovaa.

Nilikataa. Nani anamsikiliza mgonjwa?

Leo Deo amenipeleka hospitali ya mjini, wamenipiga picha. Kwanza wamenipa dawa nzito nyeupe kama chokaa, ninywe nimeegemea bamba la baridi. Daktari akaitazama picha kwenye taa, kisha akanitazama kifua.

"Bibi, titi hili lilikatwa lini?"

"Wewe ulikuwa hujaota ndevu."

Lilikatwa mwaka ule wa Uhuru. Kidonda kikapona, nikalima kahawa yangu, nikalea wajukuu, nikajua ugonjwa ule tumeagana nao.

Kumbe bado.

Tumbo la mtu hutanuka chakula kikiingia. Langu pichani ni jembamba, limekakamaa kama kibuyu kikavu. Kansa ya titi, asema daktari, mara nyingi hukimbilia mifupa au mapafu. Yangu imeshuka tumboni, tena haikuweka donge, imetambaa ndani ya ukuta wake. Wengi huiona wakadhani ni kitu kingine. Akanipapasa kwapani, akakuta uvimbe, akakata kinyama akapime. Lakini kwa Deo hakusubiri kipimo. "Sumu haifanyi hivi," akamwambia.

Tukarudi nyumbani. Njia nzima Deo anatazama viatu vyake.

Nimechoka, sitajidai. Kufa naweza, nimezika walionizidi nguvu. Ila sitazikwa watu wakinong'ona kwamba binti yule ameniua. Yule aliyekuwa akinichujia uji kwa kitambaa ili upite.

Kwa hiyo, Deo, kesho asubuhi nenda Ngenge. Usitume mtu. Mbele ya baba yake useme ulikosea. Akikubali kurudi, mje naye moja kwa moja kwa balozi, majirani wale wale waitwe, nami nibebwe nikae hapo. Useme tena, kwa sauti, nikiwa bado hai nikusikie.