Magogo Nyuma ya Bweni

S.L.P. 41,
Nyarugusu, Geita.
Jumatano, 8 Oktoba 2025

Mpendwa mwanangu Wema,

Marahaba. Nakuitikia kabla hujaniamkia, maana najua utaifungua bahasha hii na kuanza kusoma bila salamu, kama kaka yangu, baba yako. Hamjambo huko Ludewa? Miguu ya mama yako inaendeleaje? Na mdogo wako Donatus, kikohozi kimemwacha? Mimi mwili ni mzima, ila moyo umekaa vibaya tangu Ijumaa. Simu yako haipatikani siku ya tano sasa, ndiyo maana barua hii nampa kondakta wa basi.

Uliniomba nikutazamie chuo kabla hujaja kuripoti Jumatatu ijayo, kwa kuwa kutoka kwangu ni mwendo wa bodaboda tu. Nimekwenda mara mbili.

Mara ya kwanza ilikuwa siku ya wageni. Maturubai, spika, soda. Mwalimu Eustace, msimamizi wa wanafunzi, alituzungusha maabara na maktaba, akatuonyesha midoli mtakayojifunzia kuchoma sindano. Nilifurahi, nikarudi na kipeperushi nikakibandika ukutani. Baadaye nikajiuliza mbona bweni hatukuonyeshwa. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Basi Ijumaa nikarudi bila kumwambia mtu. Sikia mwanangu, ukitaka kukijua chuo usimfuate mwalimu. Kaa na wanafunzi wakati wa kula, uliza mwalimu wa mwisho kuingia darasani aliingia lini, kisha omba kwenda chooni. Nilimpata binti mmoja wa mwaka wa pili, Mwahija, mtu wa Kahama, mcheshi sana. Aliniambia wanakula maharage wiki nzima lakini walimu wanafundisha kweli. Nalisema hili usije ukadhani nakichukia chuo chako.

Mwahija alinipeleka bwenini. Nyuma yake, ng'ambo ya uzio, kulikuwa na rundo la magogo. Waliambiwa ni kuni za jikoni, na mtu wa Ludewa angeamini. Lakini kuni hazikatwi zote kimo kimoja na kuchongwa ncha. Yale ni matimba, magogo ya kushikilia udongo ndani ya duara, yaani shimo la dhahabu. Niliishi na mchimbaji miaka kumi na moja, siwezi kuyakosea. Hatua kama hamsini kutoka pale niliona kibanda cha turubai kimefunika mdomo wa shimo.

Chumbani kwa Mwahija sakafu ina ufa kuanzia mlangoni hadi kwenye mguu wa kitanda. Maji kwenye ndoo yalikuwa yakitikisika. Alisema ni mashine ya kusaga ya jirani. Sikuona mashine yoyote.

Unakumbuka nilivyokusimulia habari za marehemu mume wangu Masele? Kila nilipompelekea chakula machimboni, sisi wa juu tuligonga mwamba mara mbili, na wa chini wakijibu mara mbili tulijua ni wazima. Basi nikaokota jiwe pale mlangoni kwa Mwahija, nikapiga magoti, nikagonga ile sakafu mara mbili. Maji yakatulia. Kisha wakajibu, mara mbili, chini kabisa ya kitanda. Mwahija alicheka, halafu akaniangalia usoni akaacha.

Nilimwendea Mwalimu Eustace. Alifunga mlango kwanza. Akaniambia, "Mama, mambo ya chini ya ardhi hayahusu udahili. Naomba usitutishie wazazi." Kwa vile alivyofunga ule mlango, nikajua anajua. Ofisi ya kijiji waliniandika kwenye daftari, wakasema watafika Jumatatu. Jumatatu imepita.

Leo asubuhi Mwahija amenipigia akiwa na furaha. Kelele za ile anayoiita mashine zimekwisha tangu juzi, wanalala vizuri. Na zile kuni zimeongezeka, anasema, nyingine zimelowa tope.

Wema, nisikilize. Wachimbaji mwamba wenye dhahabu ukiwaishia hawaachi matimba yao, maana miti ni ghali. Wanayang'oa kuanzia ndani kabisa wakirudi mdomoni, wanahamia nayo shimo jingine. Masele alifia kwenye kung'oa, hakufia kwenye kuchimba. Zile kelele zilikuwa za watu waliokuwa bado wanahitaji paa juu ya vichwa vyao. Sasa wameondoka, na sijui ni nini kinaishikilia ile sakafu.

Nimemwambia Mwahija atoke na wenzake. Anasema wana mtihani kesho, na Mwalimu Eustace amekataza mtu kuhamisha godoro bila ruhusa. Wako wasichana thelathini na wawili mle ndani. Ninaogopa, sikufichi. Nikimaliza kuandika naenda mwenyewe, na nikikataliwa getini nitapiga yowe kama la msibani mpaka watoke.

Wewe usije. Ada irudishwe au isirudishwe, usije. Nilikuwa sitaki kukuambia, lakini pale mlangoni kwa Mwahija wamebandika karatasi ya majina, na la mwisho ni lako. Kitanda chako ni kile cha chini, kilichoguswa na ufa. Nikifika, karatasi ile naibandua kwa mkono wangu.

Msalimie mama yako na umsomee barua hii yote, usiruke. Donatus mwambie shangazi anamkumbuka. Bibi Bernadina mpe shikamoo yangu, aniweke kwenye sala zake leo hii, asingoje Jumapili.

Mungu akutunze huko uliko, na aishike ile sakafu mpaka nifike.

Wako akupendaye,
Shangazi Klara