Jeti ya Gordon

Kombewa,
Jumatatu.

Kaka yangu Sydney,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote. Natumaini u mzima, na joto la huko Doha limepungua angalau kidogo. Sisi tunasukuma siku. Mvua ilikatika mapema, mahindi ya Mama yamedumaa, naye magoti yanamsumbua asubuhi. Anakusalimu sana. Anayekuletea barua hii ni Joram, wa hapa jirani, na tumemwomba asiondoke hadi umalize kusoma. Tafadhali mpe kiti.

Naandika kwa sababu ya ulichosema jana, kwamba wiki ijayo unatia sahihi mkataba wa miaka miwili mingine. Kaka, usitie sahihi kabla hujafika mwisho wa barua hii.

Wacha nianze na ile jeti. Unakumbuka pacha wangu Gordon alivyoihangaikia kwenye huo mchezo wenu wa kompyuta wa vita vya angani. Ndege zilikuwa tele, za Wamarekani na Warusi, lakini yeye aling'ang'ania ile ya Kichina, J-8 ya zamani iliyofanyiwa marekebisho. Ulimcheka ukasema ni bomba refu lisiloweza kukata kona. Mimi alinieleza kwamba mwili ni uleule wa kizamani, ila wametia rada mpya na makombora mapya, na sasa inamwona adui kutoka mbali. Halafu akagusa lile kovu lake.

"Hii ndege ni mimi," akasema. "Imefunguliwa kifua ikawekwa vitu mpya. Ngoja uone."

Tangu awekewe vali ya moyo, sikumwona akifurahia kitu kama kuisaka hiyo ndege. Alibakisha mapambano machache tu aipate.

Mwezi wa nne ndege ikapatikana, nawe ulishangilia kuliko sote. Mkawa mnaruka kila Ijumaa mchana, na Jumapili ukipata nafasi. Uliuliza kwa nini hazungumzi, ukajibiwa kwa maandishi kwamba maikrofoni imeharibika. Ulipompigia Mama ukaambiwa amelala, au ameenda Kisian, au simu yake haina chaji. Hukutia shaka, maana Ijumaa ulimkuta angani. Wiki tatu zilizopita uliandika, "Bro, siku hizi unaruka poa sana. Naona moyo imeshika." Maneno hayo yalinikata maini. Na jana ukaandika kwamba kwa vile Gordon yuko sawa, huna haraka ya kurudi nyumbani.

Sydney, Gordon hayupo. Alitutoka tarehe kumi na nne mwezi wa tatu, asubuhi, kabla hatujafika hospitalini. Tulimzika Jumamosi iliyofuata, karibu na simba yake, ile nyumba uliyomsaidia kuezeka. Tulimzika bila wewe.

Mama alikataa upigiwe simu. Unajua kwetu habari kama hii mtu huletewa akiwa ameketi na watu wake. "Mtoto yangu hatasikia hii maneno kama hakuna mtu ya kumshika," alisema, na hakutaka mgeni wa huko kambini mnakolala wafanyakazi, alitaka mtu wa nyumbani. Joram ndiye aliyekuwa asafiri kuja huko wiki ileile. Karatasi zake zikakwama. Kila wiki tuliambiwa ni wiki ijayo, na hivyo ndivyo miezi mitatu ilivyopita.

Hilo ni la Mama. Langu ni hili. Siku ya nne baada ya mazishi niliingia kwenye simba kukunja nguo zake, nikawasha kompyuta. Nikakuta ujumbe wako ukimwuliza amepotelea wapi. Niliogopa ungeanza kupigia watu, ukaambiwa ukiwa peke yako. Nikaandika, "Niko." Neno moja tu, na sikuweza kulirudisha. Tangu siku hiyo uliyekuwa ukiruka naye ni mimi. Mama alidhani nafunga mlango nilie. Nililia kweli, lakini vidole vilikuwa kazini. Ile jeti niliipata mimi. Gordon hakuirusha hata mara moja. Na kuna Ijumaa tulishinda, kaka, nikafurahi kabisa hadi nikamsahau. Hilo linanitia aibu kuliko uongo wenyewe.

Kukasirika una haki. Ila njoo nyumbani. Mama hajahamisha kitu kwenye ile simba, anasema kazi hiyo ni yako.

Shangazi Seline anakusalimu, na majirani wote. Usimfukuze Joram. Akitaka kulala hapo, mwache alale.

Jeti iko uwanjani. Sijaifuta akaunti, na neno la siri nimeliandika nyuma ya karatasi hii. Ukiweza, irushe mara moja kwa ajili yake. Lakini Ijumaa ukifungua mchezo usimsubiri, jina lake halitawaka tena.

Ni mimi dada yako,
Adongo